Nani Alikutuma Kukata Springi?

Mwika, 11 Machi 2025

Mwanangu Aristides,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi hapa kwa Mzee Primus tunaendelea vizuri. Mvua imeanza, kahawa ya upande wa mtoni imechanua, na yule mbuzi mweupe amezaa mapacha. Mmoja kamkataa, kwa hiyo mama yake sasa ni mimi na chupa. Barua hii anakuletea Hilda wa ndizi, ambaye Jumanne na Ijumaa anashuka sokoni Moshi na chumba chako cha Majengo anakijua.

Najua utacheka kwamba shangazi yako anaandika barua zama hizi. Nimekupigia simu mara tisa. Mara tatu umesema mtandao unasumbua, mara sita hukupokea kabisa. Ndani ya gari siwezi kusema kitu, maana Bibi yako anakaa katikati yetu, na sitagombana na mtoto wa marehemu mdogo wangu mbele ya mama aliyetuzaa. Basi nasema humu. Karatasi haina mtandao.

Aristides, umeifanya nini pikapu ya baba yako?

Ijumaa uliposimama uwanjani, Mzee Primus aliinama akakagua tairi moja moja, akidhani zote nne zimeishiwa upepo. Gari limelala chini kama kuku anayeatamia! Kati ya tairi na bodi hakipiti hata kiganja. Nikasema labda ni macho yangu, nikapanda. Yesu na Maria! Kutoka hapa hadi kwenye lami ni kilomita tatu za mawe. Zamani pikapu ilikuwa inapanda jiwe na kushuka, unayumba kidogo, unaendelea na rozari yako. Ijumaa kila jiwe lilinijia hadi kwenye meno. Kwenye kona ya kanisa chuma kiligonga chuma, paa! Nikauma ulimi mpaka damu.  Bibi yako alifumba macho, na mguu wake wenye kidonda uliokuwa juu ya ndoo ukawa unaruka na kurudi, unaruka na kurudi, mpaka lami. Tuliporudi alilala siku mbili bila kutaka hata mtori.

Ulikuwepo daktari aliposema. Kisukari hakina mzaha. Kidonda kisafishwe hospitalini kila Ijumaa, na Ijumaa zikianza kukosekana, mguu utakatwa. Hakumung'unya maneno.

Pikapu hiyo tuliinunua mimi na baba yako Jacob kwa kahawa ya misimu minne. Alipofariki nilikukabidhi ufunguo kwa sharti moja: siku sita ni zako utafute riziki, Ijumaa ni ya Bibi. Mila inataka mama akae kwa mtoto wa mwisho. Mtoto wa mwisho alikuwa baba yako, na mrithi wa kihamba chake, shamba la ukoo na nyumba iliyomo, ni wewe unayelala Majengo. Mimi nimemchukua nikamweka hapa kwa mume wangu Primus. Sikulaumu kwa hilo. Hapana, nakulaumu, ila leo si zamu yake.

Leo nauliza moja tu. Nani alikutuma kukata springi? Na kabla ya Ijumaa zirudi zilivyokuwa.

Shangazi yako,
Mektrida


Majengo, Moshi, 18 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Barua yako Hilda aliileta imefungwa kwenye jani la mgomba, nikafurahi nikidhani umeniletea nyama. Bati la chumba changu linavuja upande wa kitanda, nimehamishia kitanda mlangoni. Kazi ipo kidogo, nabeba mbao na makochi ya watu wanaohama. Msalimie Mzee Primus.

Kuhusu pikapu. Ni kweli imeshushwa. Alinifanyia fundi Ebenezeri, gereji yake iko mtaa wa nyuma hapa. Springi za mbele alizikata mizunguko miwili kwa grenda, za nyuma, zile za vyuma vilivyopangwa kama majani, akatoa majani mawili na kuweka kipande cha chuma ili bodi ikae chini. Aliniambia gari likiwa chini linatulia barabarani. Nililijaribu kwenye lami kutoka hapa hadi Himo na kurudi, likatulia kweli, nikamwamini.

Kurudi nyuma kabla ya Ijumaa haikuwezekana. Springi iliyokatwa hairefuki, Shangazi. Lazima nitafute nyingine.

Na mimi nina neno langu, unisamehe. Miaka miwili sasa kila Ijumaa natoka hapa alfajiri. Sijakosa hata moja, hata nilipokuwa na malaria. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimekunywa chai. Leo nimeshusha gari, ghafla mimi ni mhuni. Wako vijana wanaoshusha magari ili wapige picha, nawajua, ni rafiki zangu. Mimi sikufanya kwa ajili ya picha. Sababu ninayo, na nimeapa kutoisema, kwa hiyo usiniulize tena nani alinituma.

Nikuulize mimi. Ijumaa hizi mbili, Bibi amepandaje garini? Ulimwona? Hukumwona. Ulikuwa unaangalia tairi.

Mwanao,
Aristides


Mwika, 25 Machi 2025

Aristides,

Marahaba. Mbuzi mdogo anakua, asante kwa kutouliza. Huku kwenye miteremko mvua imekuwa kali, na Mzee Primus ameteguka kifundo kwenye tope, lakini anatembea.

Umeapa! Siri ya springi! Mimi nina miaka sitini na mmoja, nimesikia siri za ndoa, siri za mashamba, siri za mapadri, ila siri ya springi ndiyo mara ya kwanza. Unaapa kwa nani, kwa Ebenezeri? Na usinidanganye habari ya picha. Jumamosi Hilda, aliyeshuka na ndizi za harusi, aliiona pikapu ya marehemu pale mjini, imefungwa riboni, iko mbele kwenye msafara wa harusi, vijana wamekaa ubavuni miguu inaning'inia. Umeshusha gari ukodishe kwenye maharusi, basi. Sema hivyo, yaishe.

Unaniuliza Bibi alipandaje. Alipanda kwa miguu yake, akaketi, kwa hiyo? Unataka nikupigie makofi? Miaka yote hii Mzee Primus ndiye anayemwinua na kumweka kwenye kiti, maana kiti kile kinamfika Bibi kiunoni, na wewe ni mwembamba kama ufito. Anamwinua kwa moyo mmoja, kama mtoto wake wa kumzaa, mkwe gani mwingine angefanya hivyo? Na mama wala hashukuru. Kila Alhamisi jioni ananuna. Ananiambia habari ya aibu, namwambia, mama, mgonjwa hana aibu. Siku hizi anauliza nyumba yake kila asubuhi, kama paa lipo, kama jiko lipo. Uzee una mambo.

Sasa sikiliza, maana kicheko kimekwisha. Ijumaa iliyopita, ile ya tatu, tuliporudi alikuwa anatetemeka kiuno mpaka miguu. Bandeji ilikuwa imelowa damu. Jana ameniita akasema hapandi tena gari hilo. Namwambia na mguu je? Anasema mguu ni wake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa, lakini hapa aliyekosa kusikia ni wewe na guu ni la mama yangu!

Tafuta springi.

Mektrida


Mwika, 15 Aprili 2025

Aristides,

Wiki tatu hujajibu. Hilda anasema mlango wako una kufuli.

Ni Juma Kuu, kwa hiyo sitaandika nilichotaka kuandika. Ijumaa tatu Bibi yako hajashuka Moshi. Nimeomba gari la jirani, Bibi kalikataa. Nimemwomba padri aseme naye, kamsikiliza vizuri kisha akambariki padri. Nesi wa zahanati anakuja kusafisha kidonda, na juzi alinivuta nje akaniambia hii si kazi yake tena, apelekwe kwa daktari haraka. Mguu umeanza kunuka. Nimelala nao chumba kimoja, nasema ninachokijua.

Uko wapi?

Mektrida


Majengo, 22 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Heri ya Pasaka. Nimepata barua zako zote mbili pamoja na nimelia.

Sikuwa nimekimbia. Nilikuwa Arusha nasaidia kupakua mizigo, pikapu ikiwa juu ya matofali kwa Ebenezeri. Springi zilizofaa nimezipata huko, zimetoka kwenye gari la mtu aliyelipindua, lakini zenyewe nzima. Jumamosi Kuu tumezifunga, majani ya nyuma yamerudi yote, kile kipande cha chuma nimekitupa mtoni kwa mkono wangu. Gari limesimama kama zamani za baba.

Nilikosea, Shangazi, na sasa najua nilikosea wapi. Nililijaribu kwenye lami. Springi ukiikata inakuwa fupi na ngumu, haina pa kukunjikia, na ekseli haina nafasi ya kupanda. Kwenye lami huoni kitu. Kwenye mawe yetu, kazi ambayo springi ilitakiwa kuifanya inafanywa na mgongo wa aliyekaa. Nimezaliwa kwenye mawe hayo nikaenda kupima gari kwenye lami, kama mgeni.

Ya harusi ni kweli. Rafiki aliniomba, nikaenda, nikafurahi. Lakini gari lilikuwa limeshushwa tayari, na si kwa ajili hiyo.

Pamoja na barua hii Hilda anakuletea jani la isale nililofunga fundo. Naomba unisamehe. Ijumaa nitakuja.

Mwanao,
Aristides


Mwika, 29 Aprili 2025

Aristides,

Tuanze na isale.

Nimeishi kwenye mlima huu maisha yangu yote na sijawahi kuona isale likiletwa kwenye mfuko wa plastiki, juu ya chane ya ndizi mshale, na mtu ambaye ameniletea pia chumvi na kuniuliza kama nina chenji. Isale linapelekwa kwa miguu! Unamshika mtu mzima akusindikize, unasimama uwanjani, unasema kosa lako kwa mdomo wako, na mwenzako anakutazama usoni. Unajua wazi kwamba aliyeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Ndiyo maana umelituma, unifunge mdomo ukiwa Majengo. Sijalipokea. Nimemrudishia Hilda, naye kasema hana pa kuliweka.

Sasa ya Ijumaa, ambayo inanikosesha usingizi. Ulikuja, gari limesimama juu, zuri, nikasema Mungu mkubwa. Mzee Primus akatoka akanawa mikono kama kawaida yake ili amwinue. Bibi yako akachungulia mlangoni, akaliona gari, akamwona Primus, akasema, "Hapana." Akarudi ndani. Wewe ukamfuata. Mmekaa humo nusu saa mlango umefungwa, mimi nje na pochi yangu mkononi. Ukatoka machozi yanakutiririka, mtu mzima wa miaka ishirini na saba, ukaingia kwenye gari ukaondoka tupu. Hukuniaga!

Mlisema nini? Gari likiwa chini hataki. Gari likiwa juu hataki. Nimemuuliza, amegeukia ukuta. Nesi anasema weusi umepanda kutoka kwenye vidole. Wiki tano, Aristides. Ninyi wawili mnanificha jambo huku mguu unaoza mbele ya macho yangu. Kama una chembe ya damu ya Jacob, sema. Usiposema na mguu ukakatwa, usikanyage kwangu.

Mektrida


Majengo, 6 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo.

Nimezunguka na barua hii kichwani wiki nzima. Niliapa kwa kaburi la baba. Jumapili nimekwenda kuungama, padri akanisikiliza akaniuliza kama kiapo kina thamani kuliko mguu wa mtu. Kwa hiyo navunja, na dhambi ni yangu.

Uliniuliza nani alinituma kukata springi. Alinituma mama yako.

Siku ya pili ya Krismasi mlikwenda kwenye ubarikio wa mtoto wa jirani, mkaniacha na Bibi jikoni. Akaniambia hivi, na ninaandika kama alivyosema. "Mjukuu wangu, mkwe wangu Primus hajawahi kuniona nikila. Miaka thelathini na nane tunasalimiana yeye akiwa mlangoni na mimi nikiwa kwenye kiti, na tulikuwa tunaheshimiana sana. Sasa kila Ijumaa ananishika mapaja mbele ya majirani. Gauni linapanda. Nikimwambia Mektrida, ananijibu mgonjwa hana aibu. Mimi bado ninayo. Nitafutie gari ambalo nitapanda mwenyewe."

Nilimwambia nitamwinua mimi. Akasema hataki kuinuliwa na mtu yeyote, anataka kupanda. Akaniapisha nisikwambie, kwa sababu utajiona mtoto mbaya. Na Mzee Primus akijua, ataona mama mkwe amemkataa, ilhali bado analala kwenye nyumba yake na kula ugali wake. "Nitakwenda wapi?" ndivyo alivyosema.

Nilikwenda kwa Ebenezeri. Nilimpimia kwa mkono, kutoka chini mpaka hapa, juu kidogo ya goti la Bibi. Nilifikiri kiti tu. Njia sikuifikiria. Lile kosa ni langu na nimekwisha kulikiri. Lakini Ijumaa ile ya kwanza aliweka mguu ndani, akashika mlango, akaketi mwenyewe, akanitazama. Sijawahi kuona mtu mwenye furaha hivyo akienda hospitali. Ndiyo maana alivumilia Ijumaa tatu akinyamaza. Aliona heri maumivu kuliko kuinuliwa, mpaka maumivu nayo yakamshinda.

Ijumaa ile tulipojifungia ndani alinishika mkono akasema, "Umejitahidi. Sasa waache waukate."

Umeniandikia barua nne za matusi na nimezisoma zote. Umesema hana shukrani. Umesema uzee una mambo. Alikwambia kwa mdomo wake, Shangazi, kila Alhamisi! Aliyemsikia ni mimi peke yangu niliyekata springi.

Kama nimekukosea heshima, nimekukosea. Lakini ndivyo ilivyo.

Aristides


Mwika, 13 Mei 2025

Mwanangu,

Hatujambo. Sina habari ya mbuzi leo.

Barua yako niliisoma shambani, nikaisoma tena, nikaenda kuisoma chooni ambako hakuna wa kuniona. Nilikasirika. Nilikasirikia wewe kwanza kwa kuniandikia hivyo, halafu mama kwa kukwambia wewe, halafu Primus kwa kuwa na mikono. Jioni walikuwa wamekwisha wote, nimebaki mimi.

Nilikwenda nikaketi kitandani kwa mama, nikamuuliza. Akageukia ukuta. Nikamwambia Aristides amesema yote. Akasema, "Basi usimwambie Primus." Na Primus alikuwa amesimama mlangoni, amesikia!

Nilidhani atakasirika. Aristides, yule mwanaume aliketi chini sakafuni. Alisema miaka miwili kila Ijumaa alikuwa anafumba macho. Alisema akitoka hapo alikuwa anakwenda moja kwa moja kilabuni kunywa mbege ili asahau, na mimi nikawa namsema kwamba anakunywa saa tano asubuhi. Nikamuuliza kwa nini hukusema? Akasema, "Nilifikiri wewe na mama yako mmekubaliana, nitakataaje?" Yaani wote watatu mlikuwa mnaona aibu kwa ajili ya jambo nililolipanga mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nagomba.

Jumamosi tumemrudisha nyumbani kwake, kile kihamba cha tatu kutoka hapa. Wanawake sita wa jumuiya, kiti kimefungwa kwenye mianzi miwili. Njia nzima alikuwa anatugombeza nani ashike wapi. Paa lipo, jiko lipo. Nalala naye huko, Primus anajipikia, na anapika vibaya.

Sasa hapa ndipo ninaposikia aibu mpaka kufa. Jumapili nilimtoa uani aote jua. Anajua tunahangaikia gari. Akanyoosha fimbo kuelekea ukingoni. Nikatazama. Unakumbuka uwanja wa Bibi uko juu, barabara imekatwa chini yake? Baba yako alikuwa anasimamisha pikapu pale chini, bodi inalingana na uwanja, tunaburuta magunia ya kahawa yanaingia yenyewe. Hakuna aliyeinua gunia hata moja. Jacob alikuwa anasema migongo haiuzwi dukani.

Gunia tulilitafutia njia ya kuingia garini bila kuinuliwa. Mama yangu nilimwitia mwanaume, nikasimama pembeni na pochi.

Nimekutukana tangu Machi. Nikauliza nani alikutuma, na aliyekutuma alikuwa chumba cha pili akinisikia naandika. Sikuletei isale kwa Hilda. Nitashuka mwenyewe Majengo kwa miguu yangu, na utanikaribisha chai, ambayo mimi sikukukaribisha kwa miaka miwili.

Ijumaa njoo. Simama chini ya ukingo, ubavu wa abiria ukigusa udongo, mlango ufunguke juu ya majani. Nimempima mama na nimepima ukingo kwa kamba. Mimi sitakuja nanyi. Nesi anasema mguu unyooshwe juu ya kiti, nafasi yangu ndiyo hiyo.

Mungu atusaidie tusiwe tumechelewa.

Mektrida


Majengo, 20 Mei 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Najua kwenye simu nimekupa habari kwa kifupi, lakini mtandao ulikuwa unasumbua kweli safari hii, na wewe unastahili kusikia yote.

Ulivyomwona akiingia, hivyo hivyo alikaa. Kwenye mawe nilikwenda mwendo wa kobe. Springi zilikuwa zinapanda na kushuka taratibu, na kona ya kanisa aliipita akihesabu rozari. Kabla hatujafika Himo alikuwa amelala anakoroma.

Mimi nilikuwa nawaza kushuka. Hospitalini hakuna ukingo. Nikazunguka nyuma, kule kwenye baraza refu la saruji wanakoshushia vyakula na mashuka, nikasogeza ubavu mpaka ukagusa. Mlinzi akaja mbio anapiga kelele, "Wee kijana, hapa ni pa mizigo! Wagonjwa mbele!" Bibi akafungua mlango mwenyewe, akaweka fimbo, akaweka mguu mzima, akasimama. Akamwambia, "Mzigo nilikuwa zamani. Nipishe." Mlinzi akampisha. Akasema hata shikamoo.

Daktari alikasirika sana, na alikuwa na haki. Aliuliza mbele ya wanafunzi wake, wiki nane mlikuwa wapi? Mimi nikainamisha kichwa. Bibi akamjibu, "Tulikuwa tunatengeneza gari." 

Jumamosi wamekata vidole viwili. Shangazi, ni vidole viwili tu. Wamesema mguu unabaki, kama Ijumaa hazikosekani tena. Leo amekula mtori wote akalalamika hauna nyama.

Jumamosi hii namrudisha. Bati langu nimeshaliambia kwaheri. Nitahamia kwa Bibi, kazi nitashuka nayo asubuhi kama wengine wanavyofanya, na wewe urudi kwako kabla Mzee Primus hajafa kwa mapishi yake.

Na Bibi ana ujumbe, amenikalisha niandike akiona. Anasema Jumapili baada ya misa Mzee Primus aje amsalimie. Asimame mlangoni, yeye atakuwa kwenye kiti chake, na asiingie mpaka aitwe.

Wenu,
Aristides